Sare ya Mzee Breki

Watu wanaobishana kuhusu ufunguzi wa chesi ni watu wasio na kazi ya kufanya, na meza yetu ilijaa watu wa namna hiyo, mimi nikiwa mmojawao. Meza yenyewe ilikuwa nyuma ya gereji ya Baba Mdogo, kati ya tangi la maji na rundo la matairi yaliyokwisha. Ubao aliuchora Baba kwa mkono kwenye kipande cha plaiwudi. Askofu mmoja mweupe alipotea zamani, nafasi yake ikashikwa na plagi ya gari. Mgeni akija hulalamika kidogo, halafu anazoea.

Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa meza. Mtaani wanamwita Mzee Breki, kwa sababu amekuwa akitengeneza breki za malori na mabasi tangu mimi sijaota meno. Mimi ni kitindamimba wake. Nashona viti vya magari katika kibanda kinachotazamana na gereji, na tangu mama yetu afariki Baba anaishi kwangu. Nina jina la mama yake, kwa hiyo ananiita Mama, ila kunituma ananituma kama mtoto.

Kila aliyekuja kujifunza alipewa ufunguzi mmoja tu, Kiitalia. Kwa asiyejua, ufunguzi ni zile hatua za mwanzo, kete zinapotoka nyumbani kujipanga kabla vita havijakolea. Unasogeza askari aliye mbele ya mfalme. Unatoa farasi. Unatoa askofu, anasimama pale anapochungulia upande dhaifu wa mfalme wa mwenzako. Unamwandaa askari mwingine wa kushika katikati, kisha unamficha mfalme wako pembeni. Basi, umeshajipanga, sasa pigana.

Kinyozi wa mtaa wetu, aliyejifunza chesi kwenye simu, alikuwa hakubali. Yeye na ufunguzi wa Sisilia, Sisilia na yeye.

"Mzee, Kiitalia ni cha watoto," alikuwa akisema. "Siku hizi dunia nzima inacheza Sisilia."

"Sisilia ni nzuri sana," Baba anamjibu, "lakini wewe bado unamwacha malkia wako barabarani agongwe. Jifunze kwanza kutoa watu nyumbani."

Tunacheka, kinyozi naye anacheka, halafu Baba anarudi kwenye somo lake. "Kwa mtu anayekua, ufunguzi mzuri ni ule ambao ukiulizwa kwa nini umesogeza hiki, una jibu. Ukikariri tu, siku mwenzako akitoka nje ya ulichokariri, unabaki uchi."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi mno, na labda ndiyo maana siku nilipoyahitaji hayakunijia.

Kulikuwa na mambo mawili mengine ambayo kila mtu aliyajua kuhusu Baba. La kwanza, alichukia sare, mchezo kwisha bila mshindi. Ukimwomba sare alikutazama kana kwamba umemwomba suruali yake. "Sare ni chai iliyopoa," alisema. "Inanyweka, lakini nani kakulazimisha?" La pili, akimaliza gurudumu alilipiga kwa spana mara mbili, ko-ko, na hapo kazi imekwisha. Hakuna fundi aliyethubutu kufungua tena gurudumu ambalo Mzee Breki amegonga. Akigonga, gari linaondoka.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Alimwita Spana, fundi mwenzake wa miaka mingi, kwa jina la fundi mwingine aliyekwisha kufa. Akacheka mwenyewe, tukacheka naye. Halafu akarudi nyumbani na mfuko wa mtu mwingine. Halafu jioni moja hakurudi kabisa, nikamtafuta mpaka nikamkuta mbele ya nyumba tuliyohama nikiwa bado naenda shule. Alikuwa akijaribu ufunguo wake kwenye kufuli la watu, na mama mwenye nyumba amesimama dirishani na simu sikioni.

"Miguu ina mazoea yake," aliniambia njiani.

Nikacheka. Mkono wake sikuuachia mpaka nyumbani, lakini nilicheka.

Dada, yaani mkubwa wangu, ni muuguzi, na wauguzi hawacheki na mambo haya. Alikuja, akakaa mbele ya Baba sebuleni, akaanza kumhoji. Leo ni siku gani? Tarehe ngapi? Huu mwezi gani? Siku aliipata. Tarehe hakuipata, na mwezi aliubahatisha.

"Kalenda iko ukutani," Baba alisema. "Ya nini niibebe kichwani?"

"Na mimi sijui tarehe," nikadakia.

Dada alinivuta jikoni, akafunga mlango. "Usimchekee. Huyu mtu anafunga breki za mabasi. Basi likishindwa kusimama mteremkoni, utaenda kuwaambia nini watu?"

"Na akikatazwa kazi abaki na nini? Umkalishe atazame ukuta? Utamzika, Dada. Nakwambia utamzika."

"Afadhali nimzike yeye kuliko nizike basi zima."

Alipolisema hilo alijishika mdomo, kisha akaanza kulia, na mimi nikalia. Ubaya wa ugomvi ule ni kwamba wote wawili tulikuwa na haki. Hospitali walitupa siku ya kumpima, lakini ilikuwa mbali, na mabasi hayakuwa na mpango wa kusubiri.

Ilibaki kwa Baba Mdogo, mwenye gereji. Lakini Baba Mdogo alishikishwa spana ya kwanza na huyu huyu kaka yake, na mbele yake mpaka leo anasimama wima. "Mdomo wa kumwambia Kaka aache kazi mimi sina," alituambia. Akanigeukia. "Wewe unaishi naye, unacheza naye kila mchana. Wiki hii nitampa vikazi vidogo na Spana awe karibu. Wewe mtazame. Jumamosi asubuhi uniambie anaweza au hawezi. Utakalosema ndilo."

Nikakubali. Nilijiona shujaa, nikasahau kuuliza mtu hutazamwaje.

Mtu mwenye akili zake angekwenda kumtazama akifanya kazi. Mimi nilimtazama akicheza Kiitalia. Sisi watu wa meza ile tuna ugonjwa huo, tunamjua mtu kwa ufunguzi wake. Kinyozi tunamjua ni mwenye papara kwa sababu ya Sisilia yake. Kwa hiyo niliona, Baba akikosea Kiitalia, kitu alichokifundisha maisha yake yote, basi amekwisha. Asipokosea, mzima.

Kila mchana nilivuka barabara na chakula cha wawili, tunakula, tunapanga kete. Yeye mweupe, mimi mweusi. Sijawahi kuogopa mchezo kama nilivyoiogopa michezo ile. Askari akitoka, natazama vidole vyake. Farasi akitoka, navuta pumzi. Akishika ile plagi, yaani askofu wetu, moyo unanipiga mpaka masikioni, na plagi inakwenda kukaa pale pale inapotakiwa. Nilimchanganya kwa makusudi, nikabadilisha mpangilio wa hatua zangu, naye akajibu sawasawa.

"Kwa nini umemtoa askari huyu, Baba?"

"Ili wa katikati apate wa kumshika mkono. Mama, nawe umeanza kusahau?"

Nilitamani kumkumbatia pale pale. Anafika mwisho wa kujipanga, mfalme amefichwa, kila kete iko mahali pake, safi. Kisha anagonga meza kwa kidole, ko-ko. "Sare, Mama. Chai inapoa."

Kesho yake, "Sare. Spana ananiita." Spana hakuwa amemwita mtu. Siku nyingine, "Sare, jua kali." Nikasema moyoni kwamba uzee umemlainisha mzee wangu, hataki tena kumfunga binti yake. Nikampa mkono, nikarudi kibandani kwangu nikiwa mwepesi.

Wepesi wenyewe haukudumu. Nikikaa kwenye cherehani wasiwasi unarudi kunikalia shingoni. Wiki ile nilikata godoro la kiti cha dereva likawa dogo kuliko kiti, nikajichoma sindano ya cherehani kwenye kidole, na mteja mmoja akaniuliza kama nimegombana na mume. Sina mume. Nyumbani nilikuwa namfuata Baba nyuma nyuma kuona kama amefunga gesi. Amefunga. Narudi tena kuona kama amefunga. Ijumaa nilimkuta jikoni akinitazama.

"Mama," akasema, "mbona unanivizia?"

"Sikuvizii."

"Haya," akasema, akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Baba Mdogo getini, funguo mkononi, hajafungua hata ofisi. Alikuwa akinisubiri mimi.

"Hajambo," nikamwambia. "Anaweza."

Alishusha pumzi ndefu, akanishika bega. Dada alipiga simu kabla sijafika kibandani kwangu.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Uhakika wa nini?"

"Amecheza Kiitalia chote wiki nzima. Hajakosea hata mahali pamoja."

"Wewe na baba yako mna wazimu mmoja," akasema, akakata.

Asubuhi hiyo hiyo liliingia basi la abiria, la njia ya milimani, kuvalishwa viatu vipya vya breki magurudumu yote. Viatu vya breki ni vile vipande vinavyobana ngoma ya gurudumu ndani. Vikiisha, chuma kinakutana na chuma na gari halisimami. Dereva alilitaka saa nane, abiria wake walikuwa stendi. Baba Mdogo alimpa Baba kazi ile, peke yake, kama zamani. Nilimwona kutoka kibandani kwangu akijifunga ovaroli, na jinsi alivyokuwa anatembea ungesema ameozesha binti. Nikasikia ko-ko ya kwanza. Nikashona. Ko-ko ya pili. Hadi ya mwisho ilipolia nilikuwa nimemaliza kiti kizima, mshono umenyooka.

Mchana meza ilikuwa imechangamka kwa sababu ni Jumamosi. Kinyozi alikuja na karanga zake kwenye karatasi, akakaa juu ya tairi. Baba alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akapangusa kwenye ovaroli, tukaanza. Askari. Farasi. Plagi. Nilicheza kwa raha, bila kutazama vidole vya mtu. Akamficha mfalme, akaweka ngome yake sawa, akakiweka kila kitu sawa. Ko-ko.

"Sare, Mama."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Kinyozi akasema, mdomo umejaa karanga, "Aa, Mzee! Sare tena? Siku hizi unatukaribisha mpaka mlangoni halafu ndani hututaki. Mimi tangu sijui lini sijakuona ukila hata kete moja ya mtu."

Alisema kwa utani. Baba akacheka. Mimi mkono wangu ulibaki hewani.

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho Baba alipokula kete yangu. Niliitafuta wiki ile, sikuipata. Nikaitafuta wiki iliyopita, na ile kabla yake. Kumbukumbu zilikuwa za mikono, chai, jua kali na Spana ananiita. Mzee aliyechukia sare kuliko malaria alikuwa amegawa sare kwa mtaa mzima, na hakuna aliyejiuliza.

"Sikubali, Baba," nikasema. "Leo tuendelee."

Alinitazama. Nilimwona akitafuta sababu, akitazama kwenye chai, lakini chai alikuwa ameshainywa. "Haya," akasema.

Nilichukua farasi wangu nikamweka mdomoni mwa askari wake. Bure kabisa, bila ulinzi. Mtoto aliyejifunza jana angemla kabla sijaachia mkono. Kinyozi aliguna kwa mshangao, kisha akanitazama usoni, akaacha kutafuna.

Baba aliutazama ubao. Mkono wake ulikwenda juu ya askari, ukasimama, ukarudi. Ukaenda juu ya malkia. Ukarudi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, pale kwenye ndevu nyeupe. Kula, Baba, nilikuwa nikimwomba kimoyomoyo. Nakuomba, mle tu.

"Zamu ya nani?" akauliza.

"Yako."

Akaichukua plagi, akaigeuzageuza, akairudisha nyumbani, mahali pale ilipokuwa kabla mchezo haujaanza. Kisha akamchukua farasi wake, akamrudisha naye.

"Tuanze upya, Mama," akasema taratibu. "Mwanzo naujua."

Mbele ya gereji injini ya basi iliunguruma.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kete zikimwagika, na nakumbuka mafuta sakafuni yakinitelezesha. Basi lilikuwa limeshageuza, pua yake imeelekea getini. Nikasimama katikati ya geti na kunyoosha mikono yote miwili kama mwendawazimu. Dereva alikanyaga, basi likapiga mluzi wa upepo, likasimama hatua chache kutoka kifuani kwangu.

"Una kichaa wewe?" Dereva alitoa nusu ya mwili dirishani. "Breki zingekuwa mbovu si ungekuwa bapa sasa hivi?"

Baba Mdogo alitoka ofisini mbio. Nikamwambia afungue magurudumu yote.

"Kaka ameshagonga."

"Najua amegonga. Fungua."

"Asubuhi umeniambia anaweza! Mchana hawezi?" Alinisogelea, akapunguza sauti. "Mwanangu, unajua unamfanyia nini baba yako mbele za watu?"

"Najua. Fungua, Baba Mdogo. Nikiwa nimekosea nitampigia magoti hapa hapa."

Kufungua gurudumu alilogonga Mzee Breki ni kumtukana, na Spana alileta jeki akikokota miguu. Baba alikuwa ameshafika. Alisimama kando, mikono nyuma, kinyozi yuko naye.

Gurudumu la kwanza likatoka. Viatu vipya, springi zimekaa, kazi ya kupiga picha. Spana alinitupia jicho. La pili nalo safi. Dereva akaanza kusema kuhusu abiria wake, na kwamba kampuni nzima itahamia gereji nyingine. La tatu lilipofunguka na kuonekana safi kuliko yote, Baba Mdogo alinipa mgongo. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimtazama Baba pale aliposimama, ovaroli imefungwa mpaka kifungo cha juu, nikajiona mtoto mbaya kuliko wote waliowahi kuzaliwa, na hapo hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Spana akaenda kwenye la mwisho, la nyuma kushoto. Akatoa nati, akatoa gurudumu, akaivuta ngoma. Akabaki amechuchumaa.

Ndani palikuwa pamesafishwa. Vumbi lote limepanguswa, springi zimeoshwa na kurudishwa kwa mpangilio, kila kitu kimefanywa vile mwanafunzi anavyofundishwa kufanya mwanzo. Na katikati ya usafi huo viatu vya zamani vilikuwa vimerudishwa, vimelika mpaka kwenye chuma. Vipya tulivikuta chini ya meza ya kazi, ndani ya boksi lao, vimefunikwa na kitambaa.

Dereva alivua kofia yake. Akaenda akakaa kwenye ngazi ya basi.

Baba alisogea, akapiga magoti kwa shida, akapitisha kidole juu ya kile chuma kilicholika. "Nani kafanya hii?" akauliza. Ilikuwa sauti yake ile ya zamani, ya kumgombeza fundi mzembe.

Spana alitazama pembeni. Baba Mdogo alitazama chini. Baba alizunguka na macho kwa kila mmoja, halafu akatazama mikono yake, yenye sabuni bado kwenye kucha. Akanigeukia mimi.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa habari aliyokuwa nayo tayari. "Niliosha," akasema. "Nakumbuka niliosha. Halafu sikujua kinachofuata. Nikaona haya kumuuliza Spana." Akakifuta kidole kwenye ovaroli. "Nilidhani nikianza vizuri, mengine yatakuja yenyewe."

Nilipiga magoti karibu naye kwenye mafuta yale, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Baba Mdogo alikwenda nyuma ya tangi la maji, na sote tulijifanya hatumsikii akilia.

Spana alifunga viatu vipya. Alipomaliza, Baba alitoa mfukoni spana yake ndogo, ile ya kugongea, akamnyooshea.

"Gonga wewe."

"Mzee, mimi..."

"Gonga. Watu wanasubiri safari."

Spana akagonga. Ikatoka dhaifu, hata haikusikika barabarani.

"Tena," Baba akasema. "Gonga wajue limekwisha."

Hospitali walimpima siku yao ilipofika, wakatupa jina la ugonjwa, jina refu ambalo Dada analitamka vizuri na mimi sitaki kujifunza. Hakufa kwa kuacha kazi, kama nilivyotisha watu. Kila asubuhi anavuka nami barabara, anakaa kwenye meza yake nyuma ya gereji. Kinyozi ndiye anayemletea wanafunzi, wateja wake wa nywele, anawaambia kwamba kama mtu anataka kukua katika chesi aanze na Kiitalia kwa Mzee Breki, Sisilia itakuja baadaye. Mtu huyo huyo! Na Baba anawafundisha, askari, farasi, plagi, na kila hatua sababu yake. Wanafunzi wanaondoka wameshiba. Kwa yanayofuata wanakuja kwangu.

Mchana tunacheza, mimi na yeye. Ufunguzi anaucheza kama maji. Kisha mfalme anafichwa, kila kete inakaa mahali pake, na naona vidole vyake vinaanza kuhangaika pembeni mwa ubao, vikitafuta. Kugonga alishaacha, nadhani amesahau. Kwa hiyo nawahi mimi, kabla woga haujamfika usoni. Nagonga meza mara mbili.

"Sare, Baba. Chai inapoa."

Jana aliuegemea ubao, akanitazama kwa lile jicho la zamani, la mtu aliyeombwa suruali yake. Nikadhani atakataa. Halafu akanipa mkono.

"Una bahati, Mama," akasema. "Nilikuwa nakushinda."

"Najua, Baba," nikasema.